Mjadala: Chanjo za mRNA ziendelee na uridini iliyobadilishwa, au turudi kwenye ile ya kawaida?

Mdadisi: Wakuu, naleta hoja. Mwaka 2005 Karikó na Weissman walionyesha kwamba ukibadilisha uridini (herufi U) kwenye mRNA, yaani ujumbe unaoiambia seli iunde protini gani, kinga ya mwili haishtuki sana, na mwaka 2023 wakapewa Nobel. Chanjo za korona za Pfizer na Moderna zilijengwa juu ya kazi hiyo: uridini ya kawaida imeondolewa yote, pakawekwa U iliyobadilishwa iitwayo metili-pseudouridini. Sasa Desemba 2023 watafiti wa Cambridge wakatoa makala kwenye jarida la Nature: ribosomu, mashine ya seli inayounda protini, ikisoma mRNA ya namna hiyo, mara nyingine inateleza herufi moja mbele, na kuanzia hapo inaunda protini isiyokusudiwa. Nakumbuka walisema kama asilimia 10. Teknolojia hii inapelekwa kwenye saratani. Tuendelee nayo ilivyo?

BintiMaabara: Ilikuwa kama 8, na hiyo ni ndani ya majaribio ya maabara. Waliochanjwa na kuchunguzwa walikuwa 21. Kinga ya baadhi yao ilizitambua protini hizo za ziada, na hakuna madhara yaliyoripotiwa. Lakini mbona umeikata habari katikati? Watafiti hao hao walionyesha na tiba yake. Ribosomu huteleza penye U zilizofuatana. Herufi tatu UUU zinaita kiungo cha protini kiitwacho fenilalanini, na UUC inaita fenilalanini hiyo hiyo. Ukiweka UUC mahali panapoteleza, protini inabaki ile ile na kuteleza kunapungua sana. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuandika upya sehemu chache, si kuitupa metili-pseudouridini.

Jicho Kali: Yale yale, "hakuna madhara yaliyoripotiwa". Mimi naangalia msingi. Mwili una herufi zake. Urasili, yaani hiyo U ya uridini, ni ya RNA, thaimini (T) ni ya DNA, na kwenye DNA urasili haipo kabisa. Hilo mtu anafundishwa angali mdogo. Anayekuja na herufi ya kiwandani ndiye mwenye kazi ya kujieleza, si sisi tunaouliza.

Nahodha: Swali la Mdadisi lilishajaribiwa kwa vitendo. Kampuni ya CureVac ilitumia uridini ya kawaida kwenye chanjo yake ya korona, na mwaka 2021 chanjo yao ikatoa kinga ya asilimia 48 hivi, wakati Pfizer walikuwa wamepata 95. Ni kweli dozi yao ilikuwa mikrogramu 12 tu, dhidi ya 30 za Pfizer na 100 za Moderna, na virusi vilikuwa vimeshabadilika, kwa hiyo ulinganisho si safi. Ila anayetaka turudi kwenye uridini ya kawaida aanze kwa kunieleza hilo la CureVac.

BintiMaabara: Jicho Kali, pseudouridini haikuanzia kiwandani. Iligunduliwa mwaka 1951 ndani ya RNA ya viumbe hai, na imo kwenye ribosomu zako mwenyewe. Ile yenye metili inapatikana kwa arkea, viumbe vya seli moja vinavyofanana na bakteria. Na hilo la urasili kutokuwepo kwenye DNA si kweli. Sitosini, herufi C ya DNA, hupoteza kikundi chake cha amini bila kuguswa na mtu, ikageuka urasili. Inakadiriwa mara 100 hadi 500 kwa siku katika kila seli. Kuna kimeng'enya kinachopita kikiziondoa. Tomas Lindahl alikieleza mwaka 1974, na utafiti wake wa jinsi DNA inavyokarabatiwa ukampa Nobel ya kemia 2015. Hiyo ni sababu kubwa ya DNA kutumia thaimini: ingekuwa na urasili yake halali, kimeng'enya kingejuaje ipi ya kuacha na ipi ni sitosini iliyoharibika? Aliyekufundisha "haipo kabisa" alikudanganya.

Mwalimu wa Zamu: Hapo mwisho, dada, umevuka mpaka. Nimefundisha baiolojia maisha yangu yote ya kazi na sijamdanganya mtoto hata mmoja. Anayekutana na DNA kwa mara ya kwanza anahitaji kanuni kwanza, vighairi baadaye. Sisi ndio tuliowafikisha huko maabara, halafu leo tunaitwa waongo.

Jicho Kali: Asante mwalimu. Na wewe BintiMaabara umejijibu mwenyewe: ni uharibifu, tena unaondolewa. Kinachoondolewa utakihesabuje kuwa sehemu ya DNA?

Kipanga: Si uharibifu kila mahali. Virusi vya PBS1 na PBS2 vinavyoshambulia bakteria wa Bacillus subtilis vina urasili badala ya thaimini kwenye DNA yao, na vina protini ya kukizuia kile kimeng'enya. Wanaohariri jeni leo wanaitumia protini hiyo hiyo. Mwalimu, hili linachukua dakika mbili tu darasani.

Mwalimu wa Zamu: Dakika mbili za nani? Mtihani hauulizi PBS1. Mtoto akiandika kwamba DNA ina urasili anakoseshwa, na anayelaumiwa ni mimi. Waandikieni watunga mitihani, msinipigie kelele mimi.

Kipanga: Sasa unakubali kwamba anakoseshwa kwa kuandika ukweli.

Mwalimu wa Zamu: Usiniwekee maneno mdomoni, kijana.

Nahodha: Bado nasubiri jibu la CureVac.

Subira: Mnagombea darasa wakati jambo hili linagusa wagonjwa. Seli hutegemea foleti (vitamini B9) kupata thaimini kutokana na urasili. Foleti ikipungua, urasili inaingia kwenye DNA kwa wingi. Dawa ya saratani ya 5-fluorourasili, ya tangu 1957, inaziba hatua hiyo hiyo. Baba yangu alitibiwa nayo. Ndani ya wiki moja mdomo wote ulikuwa vidonda, hata mate hawezi kumeza. Baadaye ndipo tukaambiwa kuna watu wenye upungufu wa DPD, kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo mwilini. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza mwaka 2020 mgonjwa apimwe kabla ya kuanza. Baba hakupimwa.

Jicho Kali: Pole sana, Subira. Mnaona sasa? Wanajua, na hawasemi. Ndicho ninachopigania tangu mwanzo.

BintiMaabara: Pole, Subira. Jicho Kali, tangu mwanzo ulipigania herufi za asili, leo unapigania wagonjwa kuambiwa. Hili la pili niko nawe kabisa, lakini usimfanye baba wa mtu ngao ya lile la kwanza. Vipimo vipo viwili: kimoja kinaangalia DPYD, jeni ya kuunda DPD, kingine kinapima urasili kwenye damu. Urasili nayo huvunjwa na DPD, kwa hiyo ikiwa juu, DPD haifanyi kazi yake sawasawa.

Mdadisi: Jamani, mimi niliuliza chanjo.

Subira: Samahani Mdadisi, nimalizie. Baba mdogo naye kaandikiwa kapesitabini, anaanza Jumatatu. Si inageuka kuwa dawa hiyo hiyo mwilini? Tuombe kipimo kipi?

BintiMaabara: Inageuka, ndiyo. Chochote kati ya hivyo viwili, kile kitakachopatikana upesi. Mpigieni daktari wake leo, asimeze kidonge cha kwanza kabla hamjazungumza naye.