Hati ina jina la mume peke yake: mke anazuiaje nyumba isiuzwe?

MamaIgoma: Habari za jioni wadau. Nyumba inayokaliwa na familia iko Buswelu, hati ni jina la mume tu, na madalali wameshaanza kupitapita. Mke anaweza kuzuia sasa hivi, au haki yake ni hadi waachane?

Karani_wa_Zamani: Asisubiri talaka. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi. Kinampa pia mwenzi huyo maslahi yanayoweza kulindwa kwa zuio, yaani pingamizi linaloandikwa kwenye daftari la hati. Aende ofisi ya Msajili wa Hati hapo Mwanza, ajaze fomu ya zuio, aambatanishe kiapo na nakala ya cheti cha ndoa. Wengi hukwama kwenye namba ya hati, maana hati yenyewe imefichwa. Atafute ankara ya kodi ya pango la ardhi: ina namba ya kiwanja na kitalu, na kwa hizo anaomba upekuzi, yaani daftari likaguliwe ili apate namba ya hati.

Nyakahoja: Nyongeza moja ambayo watu huisahau: Msajili humjulisha mwenye hati kuwa zuio limewekwa. Si jambo la siri. Kama mume ni wa kupiga, mama apange kwanza pa kulala, na Dawati la Jinsia polisi wapate taarifa mapema.

MamaIgoma: Asanteni. Na kiwanja kisichopimwa, kama kule milimani Igogo? Halafu kuna ambao hata cheti hawana.

Karani_wa_Zamani: Pasipo hati hakuna daftari la kuweka zuio, kwa hiyo kazi ni kuhakikisha mnunuzi anajua. Nyumba ikiuzwa bila ridhaa, mke bado ana haki ya kuendelea kuishi humo hadi ndoa ivunjwe au mahakama iamue vinginevyo. Lakini haki hiyo haimgusi mnunuzi ambaye hakujua kuwa ni nyumba ya ndoa na asingeweza kujua hata kwa kuulizia vizuri. Aandike barua ya pingamizi kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kwa sababu mauziano mengi huandikwa mbele yao. Nakala yake igongwe muhuri wenye tarehe. Maneno ya mdomo kwa mwenyekiti ni bure, kesho atasema hakumbuki.

Cheti: kifungu cha 160 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinawadhania kuwa wanandoa watu walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kutambulika hivyo na jamii. Dhana hiyo hupingika, na ikithibitika kuna ndoa nyingine halali ya Kikristo, dhana inaanguka. Atafute majirani wa kushuhudia na kadi za kliniki zenye jina la baba.

Nyakahoja: Kama ni mkopo na si mauzo, aende benki yenyewe na barua. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinadai saini au ushahidi wa ridhaa ya mwenzi kwenye rehani ya nyumba ya ndoa. Balaa ni mume kuleta mwanamke mwingine asaini. Benki ikiwa na picha na namba ya NIDA ya mke halisi mapema, ujanja huo unakuwa mgumu. Shirika la Kivulini hapa Mwanza linasaidia wanawake, anaweza kuanzia huko.