"Huna mwenza, rudi nyumbani": nani katoa utaratibu huu kliniki za wajawazito?

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mdogo wangu ana mimba ya miezi miwili na ushee. Mumewe ni utingo wa lori, maisha yake ni Tunduma na Zambia huko, wiki zinapita hajakanyaga nyumbani. Juzi binti wa watu kadamka kwenda kuanza kliniki kwenye kituo cha afya cha serikali. Kakaa kwenye benchi mpaka jua limekuwa kali, kufika mezani swali la kwanza: "Baba yuko wapi?" Akaeleza. Akaambiwa arudi na mwenza wake, au alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Hakupimwa presha, hakupimwa damu, hakupewa hata kidonge kimoja cha kuongeza damu. Kadi pia kanyimwa. Na kwa mwenyekiti barua ina bei, wanaiita "hela ya karatasi". Huyu ndiye mjamzito ambaye Sera ya Afya ya 2007 inasema atibiwe bila malipo!

Msiniambie sielewi lengo. Naelewa, na nataka akina baba wapime VVU pamoja na wake zao. Mama mwenye VVU asipopata dawa, uwezekano wa kumwambukiza mtoto ni kati ya asilimia 15 na 45. Akizitumia ipasavyo unashuka chini ya 5. Hesabu hiyo ndiyo inayonichoma. Mwenye mtoto tumboni ndiye mliyemrudisha! Kama ana kaswende, kama damu imepungua, kama presha iko juu, nani atajua? Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mjamzito aonwe angalau mara nane, ya kwanza ndani ya wiki 12. Mdogo wangu kawahi, mkamfungia mlango.

Sheria ya UKIMWI ya 2008 inasema mjamzito na mwanamume aliyempa mimba wapewe ushauri nasaha na wapime kwa hiari. Hiari gani hii ambayo bila mume hata mzani wa kupimia uzito hauugusi? Mume akija na mkewe wapitisheni mbele ya foleni, hilo halina ubaya. Kumfukuza asiye naye ni kitu kingine kabisa.

Na matokeo yake mnayaona. Wanawake wanawalipa bodaboda waigize kuwa waume zao. Dereva anaingia, anatolewa damu, anaandikwa kwenye rejista kuwa baba wa mtoto, anachukua chake anaondoka. Majibu ya mtu baki yanakaa kwenye kumbukumbu za familia isiyo yake. Mnamlinda mtoto yupi hapo?

Halafu kuna mabinti. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba. Tangu 2016 sheria inampa miaka 30 jela anayempa mimba mwanafunzi. Sasa mnapomwambia binti wa kidato cha pili alete mwenza, mnamtegemea nani ajitokeze? Na barua ya mwenyekiti maana yake ni mtaa mzima kujua kabla hata mama yake hajajua. Huyo binti harudi. Mtamwona tena siku ya uchungu, kifafa cha mimba kimeshampanda, mtaanza kuuliza kwa nini hakuhudhuria kliniki.

Wajane je? Waliokimbiwa? Aliyebakwa? Aliyemkimbia mume anayempiga, naye aende kumwita?

Kama shida ni kumpata mume, tangu 2019 sheria inaruhusu mtu kujipima VVU mwenyewe. Mpeni mama kipimo ampelekee, asiye na wa kumpelekea mwacheni ahudumiwe peke yake. Mpigieni huyo mume simu.

Wauguzi mliomo humu, nawaomba mjibu bila kuzunguka: upo waraka wa Wizara unaosema mjamzito asiye na mwenza asiandikishwe? Kama upo, uwekeni hapa tuusome. Kama wakubwa wenu wanawabana na takwimu za akina baba waliopimwa, semeni pia. Na kama haupo, Jumatatu narudi na mdogo wangu pale kituoni, naenda moja kwa moja kwa mganga mfawidhi, na hatutoki bila kadi.