Nyota za Glassdoor zinafaa kuwa data ya tasnifu?

Tasnifu_Mezani: Wakuu, napima kama utamaduni wa kampuni unahusiana na faida yake. Nimepanga kuchukua nyota za jumla za Glassdoor, tovuti ambako wafanyakazi hukadiria kampuni zao, nitafute wastani wa kila kampuni kwa mwaka, nilinganishe na hesabu zake. Msimamizi anasema sampuli ina upendeleo. Nirekebishe wapi?

Mizani: Anza na kipimo chenyewe. Nyota za jumla zinachanganya mshahara, mabosi na mengineyo. Utamaduni na maadili vina nyota zake, zilizoanza 2012, basi chukua hizo na usirudi nyuma ya mwaka huo.

Upendeleo upo kweli: waandishi wamejichagua, na aliyekerwa huandika upesi kuliko aliyeridhika kiasi. Kwa hiyo linganisha kampuni na yenyewe, mwaka hadi mwaka. Upendeleo usiobadilika utajifuta. Unaobadilika utabaki. Ukiona nyota 5 zimemiminika ndani ya wiki moja, huenda wafanyakazi wamehimizwa kuandika. Rudia hesabu bila wiki hiyo.

Angalia pia idadi. Kwa maoni 3, mtu mmoja akitoa nyota 1 badala ya 5 wastani unashuka 1.33, kwa maoni 30, unashuka 0.13. Weka kiwango cha chini, kisha ujaribu na viwango vingine viwili uone kama matokeo yanasimama.

Kalamu2: Naongeza: faida nayo huleta furaha, bonasi zikitoka watu husifu. Tumia nyota za mwaka uliotangulia, na faida ya mwaka huo huo iingie kwenye modeli.

Tasnifu_Mezani: Asanteni sana. Na maandishi yenyewe?

Kalamu2: Mazuri na mabaya huandikwa sehemu tofauti, usiyaunganishe. Anayejaza “hakuna” kwenye mabaya anasifu, lakini programu inayohesabu maneno hasi itamsoma kinyume. Wasomaji wawili waainishe maoni 200 yale yale bila kuonana, kisha pima makubaliano yao kwa kappa, kipimo kinachoondoa makubaliano ya bahati tu. Ikiwa chini ya 0.6, maelekezo yako hayaeleweki. Yaandike upya kabla ya kuendelea.

Mizani: Masharti ya tovuti yanakataza kuvuna kwa programu bila idhini, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Na usinukuu neno kwa neno: sentensi ikitafutwa mtandaoni inarudi kwenye maoni yenyewe, penye cheo na mji wa mwandishi, na kwenye ofisi ndogo bosi atamjua.