Inzi wa matunda bila kupuliza dawa: tupeane uzoefu

Wakuu, nianze mimi. Msimu wa kwanza nilitundika mitego ya methili yujenoli (chambo cha harufu) kwenye miembe, chupa zikajaa inzi mpaka nikawa nawatambia watu kwa picha. Kuja kuvuna, embe nje safi, ukikata funza wamejaa. Kumbe chambo kile kinavuta madume tu, na anayetoboa ganda kutaga ni jike. Siku hizi natundika mitego matunda yakiwa bado machanga, madume yapungue kabla majike hayajapandwa, na naongeza chambo cha hamira kinachowavuta majike pia. Nafuu ipo, ila bado napoteza. Nyie mnafanyaje?

Mpenda Kivuli: Mitego sina, mimi ni kuokota tu. Funza akishiba anatoka kwenye tunda lililoanguka, anajichimbia sentimita chache udongoni, anarudi inzi. Naokota kila baada ya siku mbili, natia kwenye mfuko mweusi wa plastiki, nafunga kabisa, naanika juani wiki mbili. Mwanzoni nilikuwa nazika kina cha kiganja. Siku moja nikakuta inzi wanachomoka pale pale juu ya shimo, mabawa bado yamekunjamana! Ukizika, nenda nusu mita au zaidi. Na jirani asipookota, wa kwake watakuja kwako.

Mapera Matatu: Kwa miti michache, visha kila tunda mfuko wa karatasi lingali bichi na gumu. Nailoni iliniozesha mapera yote.

Bi Shamba: Mimi nimewaachia maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Nimefunga kamba mti hadi mti wapite. Inzi akitua wanamvamia, na hata harufu wanayoacha kwenye tunda inamkimbiza. Taabu ni kuvuna, jamani. Najipaka majivu mikononi na bado nashuka shingo imevimba.

Grisi: Bi Shamba, angalia vikonyo. Kwangu hao sisimizi walikuwa wanafuga vidung'ata (vidudu vyeupe vinavyofyonza utomvu) kwa ajili ya maji matamu vinayotoa, matunda yakawa meusi kwa ukungu. Ili sisimizi wasipande, nikazungushia shina plastiki, nikapaka grisi juu yake (sio kwenye gome), nikakata matawi yanayogusa chini.

Mwenye mada: Sasa mmenichanganya. Nimetoka kukagua vikonyo, vidung'ata sijaona. Basi maji moto nawaacha upande mmoja wa shamba, na kuokota naanza kesho asubuhi.