Mjadala: Je, kila mshirika ana huduma, au huduma ni ya walioitwa na kuwekewa mikono?

MLETA MADA
Wapendwa, salamu. Kuna kauli hatuchoki kuirudia madhabahuni: "kila mmoja wetu ni mtumishi." Tunaitikia amina, tunarudi nyumbani, na Jumapili inayofuata kazi inafanywa na wale wale. Nauliza: tunaiamini kauli hiyo, au ni maneno ya kufarijiana?

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga asihangaike kunitafuta. Kila aliyebatizwa ana huduma. Kanisa linalomwacha akae tu kwenye benchi miaka nenda rudi linajipunja. Ila namna tunavyoitekeleza imani hiyo inanikera. Tunabandika karatasi ukutani: kwaya, ukaribishaji, usafi, vyombo vya muziki, kila mtu aandike jina. Hiyo ni ratiba ya zamu. Hakuna aliyekaa na yule mtu akamuuliza Mungu amempa nini.

Someni Matendo 6 taratibu. Wajane wa upande wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakusema aje yeyote mwenye nafasi. Walitaka watu 7 wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, na kazi yenyewe ilikuwa kugawa chakula! Tena majina yote 7 ni ya Kiyunani. Maana yake, kwa kadiri tunavyoweza kuona, upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa usimamizi. Kanisa gani leo lina ujasiri huo? Sisi anayelalamika tunamwita mkaidi.

Halafu sura ya 8: mateso yanazuka, waumini wanatawanyika wote isipokuwa mitume, na hao waliotawanyika ndio wanaolihubiri neno kila wanakopita. Filipo, aliyechaguliwa kwa ajili ya mgawo wa chakula, anaihubiri Samaria kabla Petro na Yohana hawajafika.

Sasa kuna Efeso 4:11-12. Paulo anasema wachungaji na waalimu wametolewa ili kuwakamilisha watakatifu, hata kazi ya huduma itendeke. Kwa hiyo mchungaji anayehubiri, anayezuru wagonjwa, anayefundisha darasa la ubatizo na kushika funguo za stoo peke yake, tusimsifu kwa kujitoa. Kuna kazi moja aliyopewa, ya kuandaa watu, na hiyo ndiyo hajaifanya.

Nipingeni.

MCHUNGAJI MSTAAFU
Ndugu mleta mada, Matendo umeisoma vizuri. Sasa fungua Hesabu 16. Kora anasimama mbele ya Musa na Haruni akiwa na wakuu 250, na hoja yake ni kwamba mkutano wote ni mtakatifu, kila mmoja wao, kwa nini basi ninyi mjitukuze? Ilinganishe na hoja yako uniambie tofauti iko wapi. Kora naye aliianza kwa kutaja utakatifu wa wote.

Nimeona makanisa yakipasuka kwa kauli hii hii. Kijana anaota ndoto usiku, asubuhi ni nabii, na mwaka hauishi ameondoka na nusu ya waumini. Yakobo 3:1 anaonya tusiwe waalimu wengi, kwa kuwa waalimu watahukumiwa zaidi. Na Paulo katika 1 Korintho 12:29 anauliza: wote ni mitume? Wote ni manabii? Wote ni waalimu? Jibu liko wazi.

Mtaniletea Martin Luther, yule wa Matengenezo ya Kanisa, najua. Ni kweli mwaka 1520 aliandika kwamba kwa ubatizo Wakristo wote ni makuhani. Wengi huishia hapo. Yeye aliendelea: kwa kuwa jambo hilo ni la wote, asitokee mtu akajitwalia bila ridhaa ya wenzake. Na Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri la mwaka 1530, ibara ya 14, linasema asiyeitwa kwa utaratibu asifundishe hadharani wala asitoe sakramenti. Waliotangaza ukuhani wa wote ndio hao hao walioweka mlango na bawabu.

DADA WA DARASA LA WATOTO
Baba mchungaji, shikamoo. Kora alitaka ukuhani wa Haruni. Musa mwenyewe anamwambia hivyo kwenye mstari wa 10. Anayeomba kuwatembelea wafiwa anataka cheo cha nani?

Tena rudi nyuma sura 5 tu. Hesabu 11: Eldadi na Medadi wanatabiri kambini, hawakwenda hemani pamoja na wazee wengine. Kijana anakuja mbio kutoa habari, na Yoshua anasema, "bwana wangu Musa, wakataze." Musa anamuuliza kama anamwonea wivu kwa ajili yake, na anatamani watu wote wa BWANA wangekuwa manabii. Ni Musa yule yule. Wengi wa viongozi wetu ni Yoshua, wanalinda heshima ya mtu ambaye hakuomba kulindwa.

MLEI MKATOLIKI
Naomba niingie, ingawa kwetu lugha ni tofauti kidogo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wetu, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, unafundisha kwamba upo ukuhani wa waamini wote na upo ukuhani wa daraja, yaani wa mapadre na maaskofu, na kwamba hutofautiana kiasili, wala si kwa kiwango tu. Kwa hiyo kwetu mlei, yaani muumini asiye kasisi, hatakuwa padre mdogo hata akijituma vipi. Lakini mwaka uliofuata Mtaguso ulitoa hati nzima juu ya utume wa walei, kama haki na wajibu unaotokana na kuungana kwao na Kristo, si msaada kwa padre aliyezidiwa na kazi. Na mwaka 2021 Papa Fransisko alifungua rasmi huduma za usomaji na utumishi wa altare kwa wanawake, kisha akaanzisha huduma ya katekista.

Sasa lalamiko langu kwenu nyote wawili: mnagombania jengo. Mleta mada anataka watu wengi zaidi wapate kazi ndani, mchungaji anataka waingie kwa utaratibu. Uwanja wa mlei ni dunia. Mhasibu anayekataa kupika mahesabu huku bosi amemkazia macho, yuko kwenye huduma saa ile. Mwalimu anayebaki na mtoto mzito wa kuelewa, vilevile. Ukimtoa mhasibu huyo Jumamosi nzima apange viti, umempa kazi ndogo kuliko aliyokuwa nayo. Tunapima utumishi kwa ukaribu na altare, na kipimo hicho ni cha makasisi hata kikishikwa na walei.

DADA WA DARASA LA WATOTO
Hapo kwenye viti umenigusa. Ila viti navyo lazima vipangwe, kaka.

MFANYAKAZI WA ZAMU
Na sisi ambao Jumapili mara nyingi tuko kazini? Kila tangazo la huduma kwetu linaanza na "anayependa abaki baada ya ibada."

MLETA MADA
Prisila na Akila walikuwa mafundi wa mahema. Paulo anataja kanisa lililokutana nyumbani kwao. Na walipomsikia Apolo, msomi hodari wa Maandiko, akifundisha lakini akijua ubatizo wa Yohana tu, walimchukua wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hawakusubiri mimbari. Huduma yako inaweza kuwa mtu mmoja unayekaa naye siku ambayo huna zamu, na uongozi uihesabu kuwa huduma. Tatizo ni kwamba haionekani, hivyo haiingii kwenye ripoti.

MAMA WA IDARA NNE
Wanaume mnaongea kana kwamba shida ni watu kuzuiwa kutumika. Mimi shida yangu ni kwamba siruhusiwi kuacha. Kwaya, umoja wa wanawake, ukaribishaji na watoto. Mahubiri nasimuliwa na mume wangu njiani tukirudi. Nikisema nimechoka naambiwa nisimzimishe Roho, na ukitaka kumnyamazisha mtu kanisani hakuna mstari unaofanya kazi haraka kama huo.

Na huyo mume wangu, anayefunga hesabu za biashara kila mwisho wa mwezi, hajawahi kuulizwa lolote na kamati ya fedha. Kwa nini? Kwa sababu ni mkimya. Makanisani tunawaomba waliokwisha kusema ndiyo. "Kila mshirika" ikitamkwa madhabahuni, sisi tuliochoka ndio tunaosikia tunaitwa tena.

Mnamtaja sana Musa. Mbona hamjamtaja mkwewe? Kutoka 18, Yethro anamtazama Musa akiamua kesi toka asubuhi hata jioni, anamwambia jambo hili si jema, utajichosha wewe na watu hawa pia. Na watu pia! Waliosimama foleni kutwa nzima nao walikuwa wanaumia.

MZEE WA KANISA
Mama ametusaidia kuliko sote. Nami niseme la kiutendaji, maana theolojia imeshatosha.

Kuwa na huduma ni jambo moja, kukabidhiwa nafasi fulani ni jambo lingine. 1 Timotheo 3:10 inataka mashemasi wajaribiwe kwanza. Fedha zisihesabiwe na mtu mmoja. Anayetaka kufundisha watoto achunguzwe alikotoka, na asiachwe peke yake nao hata akiwa mtu wa maombi namna gani. Wanaowinda watoto wanajua sana kuomba. Hapo sitamwonea haya mtu anayesema nimezuia karama yake.

Halafu kila nafasi iwe na tarehe ya mwisho. Mwaka mmoja, au miwili, kisha tuulizane. Mpya awekwe kando ya mwenye uzoefu kwa muda kabla ya kuachiwa. Tusipofanya hivyo tunajenga vitengo vya mtu mmoja, akiugua kitengo kinaugua.

MLETA MADA
Mzee, hapo sina ubishi. Lakini mchungaji hajamaliza deni. Anasema wito lazima utambuliwe na kanisa. Kanisa likikosea je?

Waldo wa Lyon, karne ya 12, mfanyabiashara aliyeacha mali, yeye na wenzake walei wakaanza kuhubiri. Mwaka 1179 walikwenda Roma kuomba kibali. Papa aliukubali ufukara wao, ila wasihubiri bila ruhusa ya makasisi wa mahali. Waliendelea, na mwaka 1184 wakahukumiwa kuwa wazushi. Karibu mwaka 1209 akaja Fransisko wa Asizi, mlei vilevile, fukara vilevile, akaruhusiwa kuhubiri toba. Na mwaka 2015 Papa aliingia katika hekalu la Wawaldo, wafuasi wa Waldo, huko Torino akawaomba msamaha kwa waliyotendewa. Miaka zaidi ya 800! Bawabu wako, mchungaji, naye anahitaji kupimwa.

MCHUNGAJI MSTAAFU
Fransisko aliahidi utii. Waldo alikatazwa akaendelea. Tofauti hiyo usiiruke. Kwamba wenye mamlaka waliwatendea vibaya Wawaldo, sipingi, na aibu hiyo ni yetu. Lakini ukiniambia nimfungulie kila anayebisha kwa sababu wapo waliofungiwa kimakosa, nitakuuliza nani atawafuta machozi wale wanaopotoshwa na yule niliyemfungulia.

MLETA MADA
Petro naye alikatazwa akaendelea. Matendo 5.

MCHUNGAJI MSTAAFU
Alikatazwa na baraza lililomkana Kristo. Si na kanisa.

MAMA WA IDARA NNE
Waldo mtamalizana naye kesho. Mimi nataka kujua naanzaje kuacha idara 3 bila kuonekana nimerudi nyuma kiroho.

MZEE WA KANISA
Chagua moja unayoipenda mpaka leo, hata ukiwa umechoka. Hizo nyingine 3 andika barua kwa baraza, si kwa mkuu wa idara, utaje tarehe utakayokoma, miezi 3 mbele. Kwa kila moja pendekeza jina la mtu ambaye hajawahi kuombwa. La mumeo lipeleke kamati ya fedha, ila muulize yeye kwanza.