Waliouawa Zanzibar mwaka 1964: Wikipedia iandike nini?

Mjukuu wa Ng'ambo
Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninaandaa nyongeza katika makala ya Wikipedia ya Kiswahili kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, na nimekwama kwenye sentensi moja tu, ile ya idadi ya waliouawa, kwani makadirio yanaanzia mamia na kufika 20,000. Marehemu bibi yangu alitusimulia mara nyingi aliyoyaona kwa macho yake asubuhi ile, lakini simulizi lake haliwezi kuingia kwa kuwa halijachapishwa popote. Je, ni haki kamusi elezo imkatae shahidi na impokee mwandishi ambaye hakuwako? Na niseme "mapinduzi", au "uvamizi" kama wanavyosema baadhi ya jamaa zetu walioko Oman?

Mhariri Mkongwe
Wa alaykumu salaam. Mungu amrehemu bibi. Kanuni hiyo naitetea ingawa inauma: mhariri aliyeko mbali hana njia ya kumhoji bibi yako, na akimpokea yeye leo, itambidi kesho ampokee kila anayedai kuwa na bibi, na upande wa pili nao una mabibi zao. Kuhusu idadi, usichague. Eleza nani alitaja kiasi gani, lini, na alisimama wapi. John Okello, aliyewaongoza wapiganaji wa mapinduzi na kujiita Fildimasho (Field Marshal, cheo cha juu kabisa jeshini), alitoa hesabu zake mwenyewe, na hesabu za mtu anayejivunia ushindi hazisomwi kama za daktari aliyehesabu maiti. Jina libaki "mapinduzi", maana ndilo lililozoeleka vitabuni, kisha ielezwe kwamba wapo wanaoliita tukio hilo uvamizi na kwamba mojawapo ya hoja zao ni asili ya Okello, aliyetoka Uganda.

Binti Mkunazini
Naomba niongeze jambo ambalo hatuligombanii sana ilhali naliona zito kuliko jina, nalo ni mpangilio. Makala ikianza na uchaguzi wa Julai 1963, ambamo ASP (Afro-Shirazi Party, chama cha upinzani kilichoshika madaraka baada ya mapinduzi) ilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, msomaji anafika Januari akiwa ameshawaelewa waliopindua. Ikianza na uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963, anaona serikali ya mwezi mmoja ikiangushwa kabla haijakaa sawa. Kila sentensi ni ya kweli na ina tanbihi yake, na bado wasomaji wa makala hizo mbili hawataelewana. Ndiyo maana mimi huanza na historia ya ukurasa, nione aya gani imepandishwa na gani imeshushwa.

Msomaji wa Kigoma
Hofu yangu ni uchache wetu. Wikipedia ya Kikroatia ilishikwa kwa takriban miaka kumi na kikundi kidogo cha wakabidhi, yaani wahariri wenye mamlaka ya kufuta kurasa na kuzuia watumiaji, hata kambi ya mateso na mauaji ya Jasenovac ya wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambayo orodha ya makumbusho yake ina majina 83,145 ya waliouawa, ikaelezwa kama kambi ya kukusanyia watu na kuwafanyisha kazi. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroatia aliwaonya wanafunzi wasiitegemee, na ripoti ya Wakfu wa Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, kuhusu jambo hilo ikatoka mwaka 2021. Kanuni ya kutoegemea upande ilikuwapo muda wote huo. Waliokosekana ni watu wa kuisimamia. Kwa hiyo, ndugu Mjukuu, usihariri peke yako usiku mmoja ukaondoka.

Mjukuu wa Ng'ambo
Nawashukuru sana. Ninazo kanda mbili za sauti ya bibi; nitazinakili neno kwa neno na kutafuta jarida la historia litakalozichapisha pamoja na za wazee wengine, wa pande zote, kabla hawajatutoka. Sentensi ya idadi nimeiandika upya na kuiweka kwanza kwenye ukurasa wa majadiliano, ili wa Muscat kule Oman na wa Michenzani hapa Zanzibar waione kabla haijaingia kwenye makala.