Naomba ushauri: chuo kipi kwa binti yangu anayecheza softboli?

Habari zenu wakuu. Tunaishi Texas, binti yangu yuko darasa la 11, ni mrushaji wa softboli, mchezo unaofanana na besiboli. Tangu Septemba 1, siku ambayo makocha wa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani), huruhusiwa kuanza kuwasiliana na wanafunzi wa darasa lake, simu haitulii.

Vimebaki vyuo viwili. Kimoja ni Divisheni ya Kwanza, kimeahidi kulipa nusu ya ada, ila tayari kina warushaji watano. Kingine ni Divisheni ya Tatu, ambako ufadhili wa michezo hautolewi kabisa. Huko atasaidiwa kwa alama zake za darasani.

Kinachoninyima usingizi ni masomo. Anataka uuguzi, na mechi ni Februari hadi Mei, wakati wenzake wako wodini kwa mafunzo. Nimemuuliza kocha wa kile kikubwa mara mbili kama ana mchezaji aliyemaliza uuguzi. Kimya. Mama yake anasema hilo ni jibu tosha. Lakini mtoto akitaja Oklahoma City, kunakochezwa fainali za vyuo, uso wote unang'aa, nami nasita.

Mliopitia haya, tuwaulize nini makocha kabla hajatoa neno lake?